Michael Jackson: Nguli aliyefunza vijana kuutazama wimbo

KUNA kizazi cha Wakenya, ambacho leo kina watoto na pengine wajukuu, kilichojifunza kucheza densi kwa kutazama runinga ya jirani.

Katika miaka ya themanini nchi ilikuwa na kituo kimoja tu cha runinga, Sauti ya Kenya, kilichobadilishwa jina na kuwa KBC mnamo 1989. Mitaa mingi ilikuwa na nyumba chache zenye chombo hicho. Vijijini, ambako umeme haukuwa umefika, runinga iliendeshwa kwa betri ya gari iliyobebwa hadi sokoni kuchajiwa, na aghalabu nguvu zake ziliisha pale pale utamu ulipokolea.

Vijana walioketi sakafuni katika sebule hizo walivumilia hotuba na taarifa ya habari wakingoja kipindi cha muziki. Hawakuwa na hakika kwamba wimbo walioutamani ungechezwa. Ulipochezwa, ulidumu dakika nne au tano kisha ukatoweka, na wengi hawakuwa na namna ya kuurudisha. Kilichobaki kilikuwa kumbukumbu, na mabishano ya kesho yake shuleni kuhusu ni mguu upi ulioanza kurudi nyuma.

Mguu wenyewe ulikuwa wa Michael Jackson.

Mwanamuziki huyo Mmarekani aliaga dunia mnamo Juni 25, 2009 akiwa na umri wa miaka 50. Kadiri miaka inavyosonga, wengi waliomtazama wakiwa mabarobaro na vipusa hujikuta na hisia mbili zinazovutana: shukrani kwa furaha aliyowapa, na mashaka kuhusu yale ambayo kamera haikuyaonyesha.

Ili kumwelewa, ni sharti kurudi alikotoka. Tangu utotoni hadi siku ya kufa kwake, maisha ya mtu huyu yalikuwa maisha ya kutazamwa.

Mtoto wa mji wa chuma

Michael Joseph Jackson alizaliwa Agosti 29, 1958 mjini Gary, jimbo la Indiana, mji wa viwanda vya chuma ulio karibu na Chicago. Babake, Joseph, alikuwa mwendeshaji wa kreni kiwandani. Mamake, Katherine, alikuwa muumini wa Mashahidi wa Yehova. Michael alikuwa wa saba kati ya watoto tisa waliokulia katika nyumba yenye vyumba viwili tu vya kulala.

Joseph alikuwa amepiga gitaa katika bendi ujanani mwake, lakini ndoto hiyo haikumtoa kiwandani. Alipogundua kwamba wanawe walikuwa na kipaji, aliamua kwamba wao ndio wangetoka. Nyota njema huonekana asubuhi: akiwa na umri wa miaka mitano, Michael alisimama mbele ya walimu na wazazi shuleni, akaimba, na watu wazima wakashangaa.

Punde si punde akajiunga na kakake Jackie, Tito, Jermaine na Marlon katika kikundi kilichokuja kuitwa Jackson 5. Mazoezi yalifanyika kila siku baada ya masomo, baba akiwa ameketi na mshipi mkononi. Aliyekosea hatua alichapwa. Michael alieleza miaka mingi baadaye kwamba hofu ya babake ilimfanya atapike. Joseph, aliyefariki mnamo 2018, alikiri kwamba alimchapa mwanawe, ila hakukubali kwamba huko kulikuwa kumtesa.

Watoto hao waliimba katika vilabu vya usiku mbele ya watu wazima waliolewa, wakarudi nyumbani alfajiri, na asubuhi wakaenda shule.

Kampuni ya Motown iliwachukua mwishoni mwa miaka ya sitini. Nyimbo zao nne za kwanza chini ya kampuni hiyo, kuanzia I Want You Back, zote zilifika nambari moja nchini Marekani mnamo 1970. Michael alikuwa na umri wa miaka 11 na 12. Desemba 1969 walikuwa wametokea katika kipindi cha Ed Sullivan, ambacho mamilioni ya Wamarekani walikitazama kila Jumapili, na mnamo 1971 wakatengenezewa kipindi cha vibonzo. Watoto weusi wa Marekani waliwasha runinga Jumamosi asubuhi na kuwaona mashujaa waliofanana nao.

Mtoto mwenyewe aliyetazamwa hakuwa na wakati wa kutazama chochote. Alikuja kusimulia kwamba akielekea studio aliwaona watoto wenzake wakicheza katika uwanja ulio ng'ambo ya barabara, naye akalia kwa kuwa kazi ilikuwa ikimngoja. Kisa hicho alikirudia mara nyingi maishani, na wanaotaka kuelewa mengi ya ajabu yaliyofuata huanzia hapo.

Mlango uliofungwa

Ndugu hao waliihama Motown katikati ya miaka ya sabini na kujiunga na Epic, tawi la kampuni ya CBS. Mnamo 1978 Michael aliigiza katika filamu ya The Wiz, na huko akafanya kazi na Quincy Jones, mtunzi na mtayarishaji wa muziki aliyeheshimika mno. Wawili hao walitoa albamu ya Off the Wall mnamo 1979. Iliuzwa kwa mamilioni, lakini ilipofika zamu ya tuzo za Grammy alipewa moja pekee, katika kitengo cha muziki wa watu weusi. Jambo hilo lilimchoma moyo, akaapa kwamba albamu ifuatayo haingeweza kupuuzwa.

Albamu hiyo ilikuwa Thriller, iliyotoka Novemba 1982.

Wakati huo kituo cha MTV kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Kilianzishwa Agosti 1, 1981 kwa wazo ambalo wengi walilidharau, kwamba vijana wangeketi usiku na mchana kutazama nyimbo. Vijana waliketi. Ila walichoonyeshwa kilikuwa karibu chote muziki wa roki wa wazungu. Wanamuziki weusi walionekana kwa nadra, na wakuu wa kituo walijitetea kwamba chao kilikuwa kituo cha roki. Mapema mnamo 1983 mwanamuziki Mwingereza David Bowie, akihojiwa na kituo hicho hicho, aliwauliza waziwazi kwa nini hali ilikuwa hivyo, na jibu alilopewa halikumridhisha.

Video ya Billie Jean ilipokamilika, CBS iliwashinikiza wenye kituo. Kwa mujibu wa wakuu wa kampuni hiyo, Walter Yetnikoff alitishia kuziondoa video zote za wanamuziki wake. Upande wa MTV ulikana kwamba ulitishwa. Liwe liwalo, Machi 1983 video hiyo ikaanza kuchezwa, na ikachezwa tena na tena.

Ilikuwa video ya gharama ndogo, iliyoelekezwa na Steve Barron. Kijana mwembamba anatembea usiku kwenye kijia, na kila jiwe analolikanyaga linawaka. Basi. Hata hivyo, aliyeiona hakuweza tena kuusikia wimbo huo bila kuyaona mawe yale.

Ikafuata Beat It, iliyoelekezwa na Bob Giraldi, ambamo wacheza densi walichanganywa na vijana wa magenge halisi ya Los Angeles. Baada ya hapo mlango ulibaki wazi kwa weusi wengine, akiwemo Prince, na baadaye kwa wanamuziki wa rap. Huenda hakuna mchango wake mwingine uliobadilisha maisha ya watu wengi kiasi hicho.

Usiku wa kurudi nyuma

Machi 25, 1983 Motown iliadhimisha miaka 25 kwa tamasha lililorekodiwa karibu na Los Angeles. Michael alikubali kuimba na ndugu zake kwa sharti kwamba angepewa nafasi ya kuimba wimbo wake mpya peke yake. Ndugu zake walipoondoka jukwaani, alivaa kofia nyeusi, akatoa hatua ambayo mwili unarudi nyuma ilhali miguu yaonekana kwenda mbele. Ilidumu sekunde chache tu. Tamasha hilo lilipoonyeshwa kwenye runinga Mei 16 mwaka huo, ilikadiriwa kwamba watu milioni 47 walilitazama.

Hatua hiyo, ijulikanayo kama moonwalk, hakuibuni yeye. Mcheza densi Bill Bailey aliionyesha miongo kadhaa kabla, na Jeffrey Daniel wa kundi la Shalamar, ambaye alikuwa ameicheza kwenye runinga ya Uingereza mnamo 1982, ni miongoni mwa waliomfunza Michael. Kipaji chake kilikuwa kujua ni wapi pa kuiweka: mahali pamoja katika wimbo, mara moja, kisha kuiacha mtazamaji akitamani zaidi.

Desemba 2, 1983 MTV ilionyesha kwa mara ya kwanza video ya Thriller. Mwelekezi wake, John Landis, alitoka katika ulimwengu wa filamu, na kazi yenyewe ilikuwa filamu fupi ya takriban dakika 14. Rick Baker alitengeneza nyuso za wafu waliofufuka, naye Michael Peters akashirikiana na Michael kupanga densi. Ilitumia takriban nusu milioni ya dola, fedha nyingi mno kwa video ya wimbo wakati huo. Kwa kuwa wazee wa dini yake walinung'unikia mambo ya mizimu, mwanzoni pakawekwa maneno ya kueleza kwamba yeye haamini uchawi.

Wanafunzi wengi wa Kenya waliiona kwanza kupitia kanda za VHS zilizoletwa na jamaa waliotoka ng'ambo, ambazo zilinakiliwa tena na tena hadi picha ikawa kama inayotazamwa kwenye mvua. Wengine waliiona katika vibanda vya video kwa kiingilio cha sarafu chache. Wapo waliofunika macho wakati macho ya Michael yalipobadilika rangi, kisha wakaomba kanda irudishwe waone tena. Mnamo 2009 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza video hiyo katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa vizazi vijavyo, na ikawa video ya kwanza ya wimbo kupata heshima hiyo.

Albamu ya Thriller ilikaa nambari moja Marekani kwa wiki 37. Februari 1984 Michael alitunukiwa Grammy 8 kwa usiku mmoja. Hadi leo ndiyo albamu inayotajwa kuwa iliyouzwa zaidi duniani.

KTN, kituo cha kwanza cha runinga cha kibinafsi nchini, kilipoanza mnamo 1990, kilipeperusha pia matangazo ya MTV. Kwa vijana wa Nairobi na viungani mwake, kiu ya miaka mingi ikakatwa. Soksi nyeupe zikavaliwa na suruali fupi, glavu moja ikatafutwa, na sakafu za mabweni zikasuguliwa na viatu vya waliojaribu kurudi nyuma bila kuanguka. Wazazi walilalamika kwamba watoto hawasomi. Walimu wa zamu walilalamika kuhusu viatu.

Afrika ndani ya picha

Waswahili wana sababu ya ziada ya kumkumbuka, kwani Afrika Mashariki imo katika kazi yake kuliko wengi wanavyofahamu.

Oktoba 1984 mpigapicha Mkenya Mohamed Amin, akiwa na mwanahabari wa BBC Michael Buerk, alinasa picha za waliokuwa wakifa njaa huko Korem, Ethiopia. Picha hizo ziliutikisa ulimwengu. Wanamuziki wa Uingereza walianza kuchangisha, na Januari 1985 Michael na Lionel Richie wakaandika We Are the World, ulioimbwa na wanamuziki zaidi ya 40 wa Marekani kusaidia walioathirika. Amin, aliyefariki Novemba 1996 katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Comoro, hakuwa mwanamuziki. Hata hivyo, bila kamera yake, huenda wimbo huo haungeandikwa.

Katika albamu ya Bad ya mwaka wa 1987 mna wimbo Liberian Girl, unaoanza kwa maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa na mwimbaji wa Afrika Kusini Letta Mbulu. Kwamba Kiswahili si lugha ya Liberia halikuwasumbua wasikilizaji wa huku. Kilichowashtua ni kusikia lugha ya nyumbani ikitoka katika kanda ya mtu mashuhuri kuliko wote duniani.

Mnamo 1992 ikatoka video ya Remember the Time, iliyoelekezwa na John Singleton na kuwaweka weusi katika makasri ya Misri ya kale. Malkia aliyeketi karibu na Eddie Murphy alikuwa Iman, mzaliwa wa Mogadishu aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipopigwa picha na Peter Beard mnamo 1975 na kuingia katika ulimwengu wa mitindo.

Februari mwaka huo huo Michael alizuru Afrika. Nchini Ivory Coast alivikwa taji katika kijiji cha Krindjabo. Nchini Tanzania alipokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi jijini Dar es Salaam na kuwatembelea watoto wenye ulemavu wa akili. Magazeti ya ng'ambo yalishughulika zaidi na pua yake, yakidai kwamba aliishika kwa sababu ya harufu.

Miaka mitatu baadaye sehemu ya video ya Earth Song ilipigwa nchini Tanzania. Mwelekezi wake, Nick Brandt, aliipenda nchi na wanyama wake kiasi kwamba aligeukia upigaji picha wa wanyamapori, na mnamo 2010 akashirikiana na Richard Bonham kuanzisha shirika la Big Life, linalolinda ndovu na wanyama wengine katika eneo la Amboseli, pande zote mbili za mpaka. Video nyingi za wakati huo ziliacha nyuma densi na mitindo ya nywele. Hii iliacha pia askari wa wanyamapori wanaopiga doria.

Ngoma ikilia sana

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka.

Januari 27, 1984, akipiga tangazo la biashara la Pepsi mjini Los Angeles, fataki zilishika nywele zake na kumuunguza kichwani. Alipewa dawa kali za kutuliza maumivu, na tangu wakati huo uhusiano wake na dawa za aina hiyo haukukatika kabisa. Fidia ya dola milioni 1.5 aliyolipwa aliitoa kwa hospitali iliyomtibu.

Sura yake ilizidi kubadilika mbele ya macho ya ulimwengu. Pua ilipunguzwa kwa upasuaji. Ngozi ilibadilika ikawa nyeupe, na huku kwetu, kama kwingineko, wengi walisadiki kwamba aliichubua kwa kuuchukia weusi. Februari 1993, katika mahojiano na Oprah Winfrey yaliyotazamwa na watu wanaokadiriwa kuwa milioni 90, alieleza kwamba alikuwa na mbalanga, ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi. Wengi hawakumwamini. Uchunguzi wa maiti yake mnamo 2009 ulithibitisha kwamba alisema kweli.

Mnamo 1988 alinunua shamba kubwa huko California na kuliita Neverland, jina la kisiwa cha hadithini ambako watoto hawakui. Alijenga bembea, reli ya treni ndogo na bustani ya wanyama, akawaalika watoto. Alisema kwamba alikuwa akijilipa utoto alioukosa. Baadhi ya watoto walilala chumbani mwake, jambo ambalo yeye hakuona ubaya wake na ambalo watu wengi walilikemea.

Agosti 1993 zilijulikana tuhuma kwamba alimdhulumu kingono mvulana wa miaka 13. Alikana. Mapema mwaka uliofuata alikubali kuilipa familia ya mtoto huyo mamilioni ya dola kumaliza kesi ya madai, bila kukiri kosa, na hakushtakiwa kwa jinai. Mnamo 2003 alikamatwa kwa tuhuma za mvulana mwingine. Kesi ilisikizwa mjini Santa Maria, California, na Juni 13, 2005 wazee wa mahakama walimwondolea makosa yote.

Mambo hayakuishia hapo. Mnamo 2019, miaka kumi baada ya kifo chake, filamu ya Leaving Neverland iliwaonyesha wanaume wawili, Wade Robson na James Safechuck, wakieleza kwa kina kwamba aliwadhulumu walipokuwa watoto. Robson alikuwa amemtetea mahakamani mnamo 2005. Wasimamizi wa mali ya marehemu walikanusha vikali. Baadhi ya vituo vya redio duniani viliacha kucheza nyimbo zake.

Mwandishi wa maisha yake hana budi kuyaweka haya yote mezani. Mahakama ilimwachilia, na hilo ni kweli. Watu wazima wawili wamesema waliumizwa wakiwa watoto, na hilo nalo si la kuzimwa kwa kuongeza sauti ya santuri. Shabiki aliyemwona kwa dakika nne kila wiki alifahamu miguu yake. Yaliyotendeka nyuma ya malango ya shamba lile hakuyafahamu, na mapenzi ya ujanani si ushahidi kwa upande wowote.

Mwisho wa safari

Baada ya kesi, Michael aliondoka Marekani na kuishi kwa muda nchini Bahrain. Hakurudi tena Neverland kuishi. Madeni yalikuwa yamemlemea. Machi 2009 alitangaza jijini London kwamba angerejea jukwaani, na tiketi za matamasha 50 zikanunuliwa kwa kasi ya kushangaza.

Hakuimba hata moja. Usiku wa Juni 24 alifanya mazoezi Los Angeles hadi baada ya saa sita. Usingizi ulimkataa, kama ulivyomkataa kwa miaka mingi, na daktari wake binafsi, Conrad Murray, akampa propofol, dawa ya kumlaza mgonjwa wakati wa upasuaji. Alifariki siku iliyofuata. Novemba 2011 Murray alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne.

Habari za kifo hicho ziliposambaa, waliomtafuta kwenye intaneti walikuwa wengi kiasi kwamba Google ilidhani inashambuliwa. Ibada ya kumkumbuka, iliyofanyika Julai 7 ukumbini Staples Center, ilionyeshwa kote duniani. Hata jeneza lake lilitazamwa.

Yaliyobaki kwenye skrini

Leo kijana wa sekondari hahitaji betri ya gari wala jirani mkarimu. Video ya Billie Jean, iliyotazamwa zaidi ya mara bilioni moja kwenye YouTube kufikia 2021, imo kwenye simu mfukoni mwake, na anaweza kuisimamisha mguu ukiwa hewani ili amalize ule ubishi wa zamani wa shuleni. Mwishoni mwa 2025 chaneli kadhaa za MTV zilizokuwa zimebaki zikicheza muziki mtupu zilifungwa nchini Uingereza na kwingineko. Kungoja pamoja kumekwisha.

Wanaotamani siku hizo hutaja wimbo, ila aghalabu wanachokitamani ni ile sebule: watoto wa nyumba tano kwenye mkeka mmoja, aliyepanda darini kuuelekeza mlingoti, mama wa nyumba aliyejifanya hatazami. Hayo hayakutoka Marekani, na hakuna mahakama wala filamu inayoweza kuyaondoa kumbukumbuni.

Upo upande mwingine ambao macho ya ujanani hayakuuona. Mtoto wa Gary alipoimba mbele ya umati akiwa na miaka mitano, watu wazima walipiga makofi, na hakuna aliyemuuliza kama angependa kwenda kucheza. Siku hizi kamera imo katika kila nyumba, Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kuna wazazi wanaowarekodi watoto wao wakicheza densi na kuwasambaza kwa maelfu ya watu wasiowajua, huku wakihesabu watazamaji, na wengine wakihesabu fedha.

Huenda kipaji kipo. Huenda hata umaarufu utakuja. Mzazi wa aina hiyo na aikumbuke ile barabara ya kuelekea studio, na uwanja uliokuwa ng'ambo yake. Kisha aizime simu kidogo, amwache mtoto atoke nje akacheze mahali asipotazamwa na mtu.